Bi Kazija wa Jongowe, Mkalishaji wa Wasiotulia

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1991, Shaame Hafiz, fundi wa mashine za boti, alitoka nyumbani kwake Jongowe, kisiwani Tumbatu, kwenda kuijaribu mashine aliyokuwa ameitengeneza. Alimwambia mkewe kuwa atarudi kabla ya adhuhuri, kwa sababu alitaka kula mapema. Mashine ilisikika ikiwaka vizuri, watu wa pwani wakasema fundi ni fundi, boti ikaelekea kaskazini. Adhuhuri ikafika, alasiri ikafika. Chakula kilifunikwa kawa, kikafunuliwa, kikafunikwa tena. Watu walitafuta mpaka kisiwa cha Pemba, wakauliza Tanga, wakauliza Pangani. Haikuonekana boti, wala mtu, wala ubao. Mkewe, Kazija, alikuwa na umri wa miaka thelathini. Tangu siku ile miguu yake haikujua kutulia, na ni kwa miguu hiyo isiyotulia Mwenyezi Mungu alimfanya kuwa sababu ya wengine kutulia.

Alizaliwa hapo hapo Jongowe mwaka 1961, binti wa Makame, mchoma chokaa, mtu wa maneno machache ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la tanuri kabla hazijawa nyeupe kwa uzee. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Bi Mize. Huyu Bi Mize alikuwa mkalishaji. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyemkalisha arobaini yake, akamsinga, yaani akamsugua mwili, kwa liwa ya msandali na karafuu, akamfukiza udi, akamkanda tumbo kwa maji ya moto. Mwanamke akifiwa na mume, yeye ndiye aliyemkalisha eda, miezi minne na siku kumi, akakaa naye nyuma ya pazia, akamsomea Yasini, akampa miyaa, majani makavu ya mkindu, asuke ukili wa kushonea mikeka, ili mikono ipate kazi na moyo upate nafasi. Kazija alikua akibebeshwa kikapu cha bibi yake. Inasimuliwa kuwa siku moja, akiwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, alitumwa kupeleka unga kwa jirani aliyefiwa na hakurudi. Walipomfuata walimkuta amekaa pembeni ya yule mjane, kimya, unga uko mapajani. Alipoulizwa kwa nini hakurudi, alisema kuwa yule mama alikuwa bado hajamaliza kulia. Alipigwa kwa kuchelewa, na Bi Mize, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakumtetea, ila kuanzia siku hiyo alianza kumfundisha.

Shaame alipopotea, wazee wa Jongowe walikutana, nao walihukumu kwa haki. Hakuna maiti, hakuna shahidi, hakuna hukumu ya kadhi, basi hakuna eda. Kazija alibaki mke wa mtu. Lakini mke wa mtu ana mtu, na mjane ana mkeka wake wa kukalia, na yeye hakuwa na hili wala lile. Wanawake hawakuja kumpa pole, maana kumpa pole ni kumwombea Shaame mauti. Hawakuja kumchekesha pia, maana ingekuwa ukatili. Walipita mbali. Naye akaanza kutembea. Alitoka Jongowe kwenda Gomani, kijiji cha pili cha kisiwa, kwa njia ya mawe, akafika, akageuka. Alikuwa akisimama katikati ya chakula kama aliyeitwa, akenda pwani, akarudi, akasahau kama amekula. Usingizi ulimkimbia. Watu wakaanza kusema kachukuliwa na pepo, akapelekwa kupungwa. Ngoma ikapigwa mpaka wapigaji wakachoka, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama.

Bi Mize alingoja ngoma iishe. Kisha alitandika mkeka ukumbini, mchana kweupe, mlango wazi, akamshika mjukuu wake mkono. "Sikukalishi eda," alimwambia. "Eda ni ya Mungu, mimi siwezi kuigawa. Nnakukalisha tu." Akampa miyaa. Kila baada ya alasiri ikawa hivyo, nguo zake za kawaida, jina lake la kawaida, na ruhusa ya kumtaja Shaame kama mtu aliye safarini au mtu aliyekufa, vyovyote ulimi ulivyotoka siku hiyo. Kazija hakupona moja kwa moja. Alipata saa moja ya kukaa katika kila siku, na saa hiyo ilimfikisha kwenye siku iliyofuata.

Bi Mize aliporejea kwa Mola wake mwaka 1998, wanawake wa kisiwani walimfuata mjukuu. Aliogopa, akakataa mara kadhaa, mwisho akachukua kikapu. Alikuwa na mikono myepesi na sauti ndogo. Wazazi waliojifungua na kukataa kuwaangalia watoto wao, mama waliozika watoto, wasichana waliorudi kutoka kazi za ndani ng'ambo wakiwa hawasemi, wote aliwakalisha. Hata hivyo, wakati huo huo ndipo lilipomjia kosa kubwa la maisha yake, na wanaomsifu wasilifiche, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Mwaka 2004, Salhiya wa Gomani alikuwa hana habari za mumewe, Msabah, aliyekwenda Msumbiji kutafuta maisha. Akaja msafiri mmoja akasema chombo alichopanda Msabah kilizama na hakusalimika mtu. Salhiya akaanza kutembea. Bi Kazija alimwona njiani, na katika miguu ile akaiona miguu yake. Huruma ikamzidi elimu. Hakungoja kadhi, hakungoja shahidi wa pili. Alimvua Salhiya dhahabu yake, akamfutisha wanja, akamvisha kaniki, akashusha pazia, akamkalisha eda. Salhiya alilala usingizi usiku ule ule, na Bi Kazija akadhani ndiyo dalili ya kheri. Mwezi wa tatu wa eda, Msabah alishuka pwani na mzigo begani. Yule msafiri alikuwa amechanganya vyombo viwili. Msabah aliingia nyumbani kwake, akalifunua pazia, akamkuta mkewe amevaa msiba wake. Akasema, "Mmeniombea, basi nimekufa. Na maiti hana mke." Akatoa talaka mlangoni, akarudi alikotoka.

Kisiwa kizima kililijua kabla ya magharibi. Bi Kazija akapewa jina, Mzika Wazima. Watoto waliliimba. Wanawake aliowasinga wakavuka njia wasikutane naye, na mmoja, kwa mzaha wenye ncha, alimwita mumewe ndani kwa sauti kubwa: "Ingia upesi, bwana, Bi Kazija asikuone akakuzika mzima." Naye alikwenda kwa Salhiya, akakaa chini mlangoni, akaomba radhi bila ya kujitetea. Salhiya alimsamehe kwa ulimi mwaka huo huo, na kwa moyo, kama alivyosema mwenyewe, ilimchukua muda mrefu zaidi. Bi Kazija alirejea katika maneno ya bibi yake. Alikuwa ameyasikia kwa masikio akiwa na miaka thelathini. Sasa, akiwa na miaka arobaini na mitatu, aliyasikia kwa moyo. Kumkalisha mtu ni jambo moja, na kumpa jina ni jambo jingine.

Alihamia mjini mwaka 2005, akakaa chumba cha uani kwa ndugu yake huko Mpendae. Hakukusudia kumkalisha mtu tena. Lakini jirani yake alijifungua mtoto aliyekufa, na nyumba ile ikajaa kelele za kumwambia asilie. Bi Kazija alivumilia siku chache, kisha akachukua mkeka wake, akenda kuutandika pembeni ya mama yule, akaanza kusuka. Baadaye wakaja wengine. Ikawa kila Alhamisi baada ya alasiri uani Mpendae wanawake wanakaa, wanasoma uradi, wanasuka ukili, wanasema au hawasemi. Aliyetaka kusingwa alisingwa. Aliyetaka kulala alilala. Hakuna aliyeulizwa amefiwa, ameachwa, au ana pepo. Ukili ulioshonwa mikeka ulipelekwa misikitini.

Ikumbukwe pia kwamba hakuwahi kuwa mshindani wa hospitali. Alifahamiana na Nasima, muuguzi wa wagonjwa wa akili, mama mchangamfu aliyependa kumtania kuwa wagonjwa wake wote wananuka karafuu. Mwanamke aliyesema anataka kujidhuru, Bi Kazija hakumkalisha siku hiyo. Alimshika mkono akampeleka kwa Nasima kwanza, akamngoja nje, kisha akamrudisha mkekani na dawa zake. Alikuwa akisema kwamba mkeka haushushi homa, na kidonge hakikai na mtu alasiri.

Sasa tufike kwenye habari ya Arwa, ambayo ndiyo iliyomjulisha mjini. Arwa alikuwa mke wa Qais, kijana wa Mji Mkongwe aliyekuwa akiendesha boti ya kuwapeleka wageni kuzamia, Nungwi. Mwaka 2018 Qais alitoka peke yake kufuata boti iliyokatika nanga siku ya upepo mkali. Boti ilipatikana, jaketi lake la kuelea likapatikana, yeye hakupatikana. Arwa alirudi Kiponda, Mji Mkongwe, kwa mama mkwe wake, Bi Khawla, mwanamke wa ukoo wa zamani wenye asili ya Kiarabu, aliyebaki na nyumba ndefu, ngazi ndefu, na ulimi mrefu kuliko vyote viwili. Bi Khawla alitangaza kwamba mwanawe yu hai, na atakayeleta udi au kanga ya msiba nyumbani mwake asipande ngazi. Arwa akaanza kutembea. Asubuhi Kiponda mpaka Malindi, Malindi mpaka Forodhani, vichochoro hivyo hivyo, viatu vikaisha, usingizi hakuna, chakula hakuna. Nasima aliyemwona njiani alisema wazi kwamba asipotulia atakufa yeye, na akamwomba Bi Kazija aende.

Alipanda ngazi zile, akapiga hodi, akaamkia. Bi Khawla alikuwa amemzidi umri. Hakuitikia marahaba.

"Mji mzima umejaa mashehe," alisema Bi Khawla, "wewe ukatoka Tumbatu kuja kumzika mwanangu?"

"Sina jembe, Bi Khawla."

"Mna zaidi ya jembe nyinyi. Tunayajua ya kwenu ya uchawi."

"Ya kwetu ningekuwa nayo," alisema Bi Kazija, "mume wangu angekuwa keshapanda ngazi."

Mlango ulifungwa. Lakini hakusikia hatua za mtu kuondoka nyuma ya mlango ule, na jambo hilo alilichukua akarudi nalo Mpendae, akalizungusha kichwani njia nzima. Alikwenda tena juma lililofuata, na mara hii alikaribishwa kwa kahawa, labda kwa ajili ya kumchunguza. Arwa hakuwepo, alikuwa njiani kama kawaida yake. Bi Kazija alikaa akitazama. Bi Khawla hakukaa. Alivuta pazia, akalirudisha. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Alikwenda dirishani, akarudi, akenda tena. Hapo Bi Kazija alifahamu kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaotembea, ila mmoja alikuwa akitembelea ndani.

"Mke akifiwa ana eda yake, Mungu kampa," alimwambia taratibu. "Mama hakupewa ila siku tatu. Na wewe hata hizo hujazikaa."

"Mimi sikufiwa."

"Hukufiwa. Kaa basi kama mtu asiyefiwa."

Bi Khawla aliliacha dirisha. Kisha alikaa, pale chini, juu ya mkeka wa mgeni, mwanamke ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona amekaa chini tangu arusi ya mwanawe. Akapewa miyaa. Mikono yake haikuijua kazi ile, ukili ukaenda upande, na Bi Kazija akamwambia umepinda kama vichochoro vya kwenu. "Vichochoro vyetu vinafika," alijibu Bi Khawla, na katika kusema hivyo akalia kilio ambacho majirani walikisikia mpaka chini. Bi Kazija hakumnyamazisha. Aliendelea kusuka.

Arwa aliwakuta hivyo aliporudi. Alisimama mlangoni na viatu miguuni, kama mtu aliyekosea nyumba. Hakuna aliyemwita. Alisimama, akatoka, akasikika akishuka ngazi, wote wawili wakadhani keshakwenda. Akapanda tena. Akavua viatu. Alipokaa, aliweka kichwa mapajani mwa mama mkwe wake, si mwa mkalishaji, na akalala mpaka karibu na magharibi. Bi Khawla mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kunguru wa paa lile, ambao kelele zao kila jioni zilimtia wazimu, siku ile walinyamaza, na wako wanaolihesabu hilo katika karama za Bi Kazija. Yeye alipoulizwa alisema kunguru walikuwa wameshiba.

Haikuwa kazi ya siku moja. Arwa alitembea tena juma lile na majuma yaliyofuata, lakini sasa alikuwa na mahali pa kurudi. Dawa za Nasima zilimpa usiku, mkeka ulimpa alasiri. Mwaka 2020 mambo yalifikishwa kwa kadhi, na aliyesimama kutoa ushahidi wa upepo, boti na jaketi alikuwa Bi Khawla mwenyewe. Hukumu ilipotoka, Arwa alikaa eda ya haki, na mama mkwe wake ndiye aliyekaa naye nyuma ya pazia. Siku ya kutoka eda walimwogesha, wakamsinga, wakamfukiza udi, wakamvisha nguo mpya ya rangi ya machungwa. Wanawake walikuwa bado wanakula, Bi Khawla alipomgeukia Bi Kazija.

"Na mume wako?"

"Wangu wa zamani, dada."

"Wa zamani karudi?"

Bi Kazija aliinamisha uso. Akasema, "Nikikaa, ntakuwa nimemzika mimi. Nshamzika mtu aliye hai mara moja."

"Hujamzika wewe," alisema Bi Khawla. "Mungu keshamchukua. Wewe umemshika shati tu."

Bi Kazija aliondoka bila kuaga. Alhamisi iliyofuata hakuonekana uani, wala iliyofuata. Aliyewakalisha wengine maisha yake yote alionekana barabarani, mara Amani, mara Mtoni, mara akipita mashamba ya karafuu ya Kidichi, anakwenda mbio kama anayefuatwa, haitiki salamu. Ndugu yake alimfuata, akamrudisha, akatoka tena. Nasima alipomkuta alimwuliza anakwenda wapi, naye akajibu kuwa hajui, ila akisimama Shaame atakufa. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu 1991, na hakuwahi kulisema hata kwa bibi yake. Mtihani wake haukuwa kumpoteza mume. Ulikuwa kwamba aliamini kutulia kwake ni usaliti, na imani hiyo aliificha ndani ya ibada ya kuwatuliza watu.

Ilipofika mwisho wa mwezi alipanda ngazi za Kiponda na kifurushi cha nguo zisizo na rangi. Ndugu yake akalishughulikia shauri kwa kadhi, wazee wa Jongowe wakashuhudia, na Shaame Hafiz akahukumiwa kuwa marehemu baada ya miaka karibu thelathini. Bi Kazija alikaa eda yake katika nyumba ya Bi Khawla. Bibi wa Mji Mkongwe alimpikia Mtumbatu, akamfulia, akamsomea Yasini kwa matamshi yake mazuri, akasuka ukili ambao bado ulikwenda upande. Eda ile ilikuwa ngumu. Arwa, aliyelala chumba kile kumhudumia, alieleza kwamba Bi Kazija alikaa kama ilivyopasa, lakini chini ya shuka miguu yake ilikuwa ikienda, ikienda, kama ya mtu aliye njiani. Ilikwenda hivyo muda mrefu. Siku moja, baada ya adhuhuri, Arwa alitazama akaona imesimama. Alishtuka, akadhani mauti. Akainama karibu, akamsikia akikoroma.

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Aliendelea na kikao chake, na ukweli ni kwamba wasiwasi haukumtoka wote. Wako waliomwona akisimama katikati ya uradi na kutazama mlangoni. Mwaka 2023 alipatwa na maradhi ya moyo, akalazwa, akaomba arudishwe nyumbani. Siku ya mwisho Bi Khawla alimwuliza kama anataka kukalishwa kitako apumue vizuri. Alitabasamu akasema, "Nshakaa vya kutosha, dada. Sasa ntalala." Akatoa shahada, na roho yake ikatoka baada ya alasiri. Alizikwa Jongowe kama alivyousia. Salhiya wa Gomani alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na ndiye aliyewaambia wengine kuwa nyayo za maiti zilikuwa laini kama za mtoto, mwanamke yule aliyetembea mawe maisha yake yote. Wengine wanasema ni liwa aliyokuwa akiwasingia watu, ilimdondokea miguuni. Mungu ndiye ajuaye.

Hakuacha nyumba wala mtoto. Aliacha njia, nayo ni nyepesi kuifuata kwa anayetaka. Mwenye huzuni asiharakishwe, wala asipewe jina kabla ya haki kulithibitisha. Akihitaji daktari apelekwe kwa daktari, na akirudi apate mtu wa kukaa naye. Na anayewakalisha wengine ajiulize yeye mwenyewe amekaa lini. Mwenyezi Mungu amrehemu, na amkutanishe na aliyemngoja.

Kikao sasa kinakaa Kiponda, ghorofa ya kwanza, kila Alhamisi baada ya alasiri. Arwa ndiye anayetandika mikeka, na Bi Khawla, ambaye magoti yake yamekataa, amewekewa kiti kifupi. Viatu vinaachwa chini ya ngazi. Juma lililopita alikuja mwanamke kutoka Nungwi ambaye hakuvua vyake, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Mkeka wake bado umetandikwa.